Milio Miwili ya Redio, Pengo la Kundapa

KITUO CHA POLISI KUNDAPA, NYANDA ZA JUU, PAPUA NEW GUINEA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Doroti Kewa Mondo
Umri: Miaka 43
Kazi: Muongoza ndege, mnara wa Kundapa
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, kiwanja cha ndege
Tarehe na saa: 15 Mei 2019, saa 4:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio mnarani jana, Jumanne. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Rubani mliyemweka mahabusu, Silas Aiyok, miaka 27, hana kosa. Tangu jana nimewaeleza watu watatu na hakuna aliyenisikiliza mpaka mwisho. Naomba wewe uandike mpaka mwisho.

Kwanza ujue jambo moja. Marubani wakongwe wa huku hawajibu kwa mdomo. Unampa mtu maagizo, yeye anabonyeza kitufe cha redio mara mbili, inalia tiki-tiki, imekwisha. Sheria inamtaka arudie maagizo kwa sauti na ataje namba ya ndege yake. Mlio hauna namba wala sauti, unaweza kuwa wa yeyote. Nimeandika barua tatu juu ya jambo hili. Mkuu wangu wa kazi alinijibu kwamba nawasumbua watu wenye mikono miwili tu na ndege ya kuendesha, na marubani wakanibandika jina la Ticha. Silas peke yake ndiye aliyekuwa akirudia kila kitu, nao walimcheka hewani. Wiki iliyopita mmoja wao alimwambia, sote tukisikia, "Mchungaji, ukimaliza ibada utuachie redio na sisi."

Mnamo tarehe 14 Mei, saa 3:31 asubuhi, Silas aliita akitokea bonde la Yalap. Alikuwa amebeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu juzi yake. Nilimruhusu aje kwa kupitia Pengo, yaani ule upenyo kati ya milima miwili ambao ndege zote hupita wingu likishuka. Alirudia yote, neno kwa neno.

Saa 3:38 iliita ndege ya kahawa kutoka kaskazini. Rubani wake ni Ruben Mondo, miaka 54, kaka wa mume wangu. Kwetu jina la shemeji halitajwi, lakini hapa nalitaja kwa kuwa niko mbele ya polisi. Alikuwa karibu zaidi na Pengo, na wingu lilikuwa linamfunga kwa nyuma, kwa hiyo nikaamua apite yeye kwanza. Alijibu tiki-tiki, kama kawaida yake.

Saa 3:39 nilimwita Silas kwa namba ya ndege yake nikamwambia, "Usiingie Pengoni. Zunguka juu ya mto mpaka nikuite." Nilihesabu mpaka nne, ndipo nikasikia tiki-tiki. Nikaandika kwenye karatasi ya ndege yake: anasubiri mtoni.

Hakuwa akisubiri. Alikuwa ameshashuka nyuma ya mlima, mahali ambapo redio haishiki, na hakusikia hata neno moja. Saa 3:42 Ruben aliita, "Kuna ndege mbele yangu. Shemeji, kuna ndege mbele yangu." Nilimwita Silas apande juu, sikujibiwa. Ruben alikata kulia kumkwepa, bawa likagonga miti, ndege ikaangukia kwenye mashamba ya viazi vitamu mwisho wa kiwanja. Silas alitua salama saa 3:46. Yule mama alijifungua hospitalini kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike. Silas alikamatwa palepale, akiwa bado anauliza nani ameanguka. Mkuu wangu alikuwa amesikiliza kanda inayorekodi redio ya mnara, akasema kijana aliagizwa, akajibu, kisha akakaidi.

Jana hiyohiyo saa 10 jioni nilikwenda hospitali. Ruben amevunjika mguu na mbavu mbili, lakini anaongea. Nilimuuliza ile tiki-tiki ya pili, ya saa 3:39, ilikuwa ya nani.

Akasema, "Yangu. Nilisikia umemzuia dogo kwa ajili yangu, nikabonyeza kukushukuru. Ulitaka nikae kimya kama mtu asiye na adabu?"

Nilitoka nje nisije nikamwambia neno baya mgonjwa. Ndege ile imelala viazini kwa sababu ya ahsante. Ruben yuko tayari kuyasema haya mbele yenu mkimfuata hospitalini.

Leo asubuhi mkuu wangu amenishauri niseme tu kwamba Silas alijibu, mengine niwaachie wachunguzi. Sisemi hivyo. Nimechoka kuambiwa nisiwe mgumu.

Lipo jambo moja ambalo hakuna aliyeniuliza. Silas hajawahi kubonyeza. Ana miezi kumi na minne hapa, hajabonyeza hata siku moja. Niliposikia tiki-tiki nilipaswa kujua palepale kwamba si yeye. Niliona ajabu, kweli, halafu nikasema moyoni, basi, naye wakongwe wamemweza. Nikasikitika, nikaandika kwenye karatasi, nikaendelea na kazi. Ni mimi huyuhuyu niliyeandika barua tatu. Nilikuwa na dakika tatu nzima za kumwita tena, nione hajibu, nimwonye Ruben, na sikumwita.

Mfungulieni. Wa kuulizwa ni mimi.

Sijaongeza wala kuficha, na niko tayari kuyarudia haya popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: D. K. Mondo

Maelezo ya afisa: Mimi, Koplo Anton Gispe, nimeandika haya kama yalivyosemwa. Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka nimsomee yote kwa sauti, naye akarudia kila jina, tarehe na saa. Kisha akaniuliza kama nimeelewa ni nani ambaye hakujibu. Niliitikia kwa kichwa. Akasema, "Sema kwa mdomo, afande." Nikasema: Silas Aiyok hakujibu. Ndipo alipotia sahihi, saa 5:02 asubuhi.