Ile Dawa Nyekundu ya Fabiani

Emiliana mwanangu,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa, herufi zinapinda lakini ni zangu. Baba yako hajambo, wadogo zako hawajambo. Shamba la kijiji tumeshapalilia, na kule mlimani kabichi zimefunga vizuri. Wewe tu ndiye hupo.

Nina jambo linanikaba. Jana alikuja Mama Fabiani wa Mlali. Unamkumbuka, kitanda cha mwanawe kilipakana na chako kule Dar, nyote wawili na saratani ya damu. Amejifungua, kitoto bado kichanga, na Fabiani anatakiwa hospitali kwa sindano. Anataka mimi nimpeleke. "Dada, wewe treni umeizoea kama konda," akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia nitafikiri.

Mwanangu, nina wivu. Nikimwona yule mtoto anakimbia, kifua kinaniwaka.

Mlianza pamoja. Sindano ileile, vidonge vilevile, vile vilivyowafanya mle ugali kama watu waliotoka kulima, mpaka mashavu yakavimba. Ila yeye aliongezewa ile dawa nyekundu. Ukaniuliza, "Mama, mbona mimi sipewi ya rangi?" Daktari alikuwa ameshatueleza: wengine wanaanza na dawa mbili, wengine tatu, ili wajue ipi inafaa zaidi. Hiyo ya tatu ina nguvu, lakini inaweza kuudhuru moyo. Kura ndiyo iliyowagawa.

Na wakati ule mwenye wivu alikuwa Mama Fabiani! Fabiani anatapika kutwa, nywele zinabaki kwenye mto, mama yake anakutazama wewe unavyokula, ananiambia, "Afadhali wako." Afadhali wangu. Halafu ugonjwa wako ukarudi, ukakuchukua. Wa kwake mpaka leo haujarudi. Sasa naonea wivu hata yale matapishi.

Nilipomlilia daktari kwamba ungepewa nyekundu ungepona, alisema, "Mama, bado hatujajua." Mimi moyoni nilishajua. Au nilitaka kujua, sijui.

Nimefikiri, Emi. Atampeleka nani? Baba yake hajawahi kufika Dar, atapotea pale stesheni. Mimi najua mlango wa kuingilia, najua nesi mpole ni yupi. Nitakwenda. Nitamshika mkono, nitamnunulia ndizi njiani. Asiniombe kucheka naye tu.

Nakuahidi: nikimkuta daktari nitamuuliza kama sasa wamejua. Akisema bado, nitarudi na wivu wangu. Akisema ndiyo, ile nyekundu ndiyo inayofaa, na watoto wote wanaanza nayo, nitakaa chini palepale nilie mpaka niishiwe. Kisha nitanawa uso, nimrudishe Fabiani kwa mama yake.

Lala, mwanangu. Mungu akufunike vizuri, huko kusiwe na baridi.

Mama yako, Bigwa