Mkono wa Kushoto wa Sikujua

Mbeya,
Jumapili, 2 Machi 2025.

Kwa dada yangu mpendwa Verdiana,
Makanyagio, Mpanda.

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Leodgar. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wanao wote, na yale macho yako yawe yamepata nafuu. Mimi huku sijambo, ila baridi ya Mbeya bado haijanizoea wala mimi sijaizoea, na mpaka leo navaa lile koti la marehemu shemeji Nashon ulilonipa. Wasalimie majirani wote, na mama Capitoline mwambie unga wake wa muhogo uliisha ndani ya wiki mbili kwa sababu chumba kizima kiliula.

Najua macho yako na mwandiko wangu havipatani, kwa hiyo anayekusomea maneno haya ni binti yako Sikujua, kama alivyokusomea barua zangu zote tangu nianze chuo. Mjomba anakusalimu, Sikujua. Kwanza nilifikiri nimwombe mama Capitoline ndiye akusomee hii, halafu nikaona hapana, asome mwenyewe. Ila nakuomba kitu kimoja, dada. Mwache asome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati. Wateja wakija, wasubiri.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na karatasi na kondakta wa basi wakati simu ipo. Nimepiga mara tatu wiki hii. Mara zote umeiweka kwenye spika juu ya meza ya dagaa, nikamsikia mama mmoja akiuliza kama dagaa hao ni wa Ikola kweli au mmechanganya, na mimi mwanaume mzima nikaishia kuuliza kama mvua zinanyesha. Zinanyesha, ulisema. Nikashukuru, nikakata simu.

Masomo yanaendelea. Huu ndio mwaka wangu wa tatu na wa mwisho, na kama mambo yangekwenda yalivyopangwa, Julai ningekuwa nimemaliza. Unakumbuka siku ile tulipokuwa tunajaza maombi pale stesheneri, wewe umesimama nyuma yangu na ndoo yako, ukimuuliza yule dada wa kompyuta kozi zote za ualimu moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua kanga. Akakueleza kwamba kuna Shahada ya Sanaa na Elimu, ambayo mtu anachukua masomo mawili ya kufundishia, labda Kiswahili na Historia, au Jiografia na Kiingereza. Kuna ya Sayansi na Elimu, yenye Kemia na Baiolojia, au Fizikia na Hisabati. Na kuna waliosoma mambo mengine kabisa ambao wanakuja baadaye kusoma mwaka mmoja wa ualimu juu yake. Mimi mkono wangu ulikuwa unaelekea Kiswahili na Historia. Wewe ukauliza sekondari atakayoingia Sikujua wanakosa mwalimu gani. Wa Fizikia, nikasema. Basi, ukasema, jaza hiyo, mwanangu asije akasoma Fizikia kwa kunakili tu daftari la mwenzake. Nikajaza. Sijutii, dada, naipenda kweli sasa. Nakukumbusha tu kwa sababu ulinitafutia kozi kwa ajili ya mtoto huyu huyu.

Na uliniambia nikiandika tena nisisahau kuweka Mwl. mbele ya jina langu, maana mtu akishafanya mazoezi ya kufundisha ameshakuwa mwalimu. Hilo nitalirudia mwishoni.

Sasa nije kwenye ombi lako. Ulisema Sikujua, tangu aingie kidato cha tatu, darasani hanyooshi mkono hata akiulizwa jina la mkoa wake. Mwalimu wake wa darasa amekuambia anakaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ameiacha Fizikia, yeye aliyekuwa akiniamsha asubuhi nimweleze kwa nini sufuria inatoa sauti kabla ya kuchemka. Na sasa anasema ataacha shule kabisa, awe anakufuatia dagaa Ikola. Ukaniomba nimwandikie maneno ya kumwongoza, kwa kuwa mimi ni mwalimu na ni mjomba wake, na mjomba akisema mtoto husikia. Nimekaa na ombi hilo siku sita. Nimeanza kumwandikia maneno ya kumwongoza mara nne, na kila nikifika mstari wa pili mkono unakataa, kwa sababu najua kilichomnyamazisha. Hata wewe unakijua, ila ulikipokea kikiwa kimegeuzwa.

Turudi kule kwenye mazoezi yangu ya mwaka jana, yale majuma manane niliyolala kwako na kula kwako. Nilikuambia wakati ule jinsi mazoezi yale yalivyo mlango. Ukifeli hapo hupati shahada, na bila shahada usizungumzie leseni ya kufundisha wala usaili wa ajira, hata kama unajua Fizikia kuliko walioiandika. Nilikuambia pia kwamba msimamizi kutoka chuoni atakuja bila taarifa ndefu, atakaa nyuma ya darasa na fomu yake, na atahesabu kila kitu: andalio la somo, zana, sauti, na jinsi wanafunzi wanavyoshiriki. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa likininyima raha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wa kidato cha pili, hata wenye akili, wakiulizwa kwa Kiingereza wanatazama madawati. Darasa langu, Sikujua akiwemo, lilikuwa kimya.

Siku msimamizi alipokuja niliazima koleo lako la mkaa nikalifanye zana ya somo la nyenzo. Ulicheka sana kwamba koleo lako linakwenda sekondari kabla yako. Jioni yake hukucheka. Uliitwa shuleni, ukaja moja kwa moja kutoka sokoni na aproni yako ya dagaa, na mwalimu wa taaluma akakuambia kwamba binti yako amesimama mbele ya mgeni wa chuo akamzulia mwalimu wake, tena mjomba wake, kwamba eti aliwafundisha kumdanganya mgeni. Ukageuka ukaniuliza mimi mbele yao kama ni kweli. Nikakujibu hivi: dada, mimi nifanye kitu kama hicho? Kumbuka maneno hayo vizuri. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilikuuliza swali, na wewe kwa kunipenda ukajijibu mwenyewe.

Nyumbani ukamweka Sikujua chini kwenye mkeka. Ulimwambia kwamba ndani ya nyumba ya Nashon hakujawahi kulala mwongo. Akapiga magoti mbele yangu, na alipokataa kusema ukamwambia hatakula mpaka aseme. Mwishowe akasema, mjomba nisamehe, nilisema uongo. Akasema akiwa ananitazama usoni, dada, hakutazama mkeka. Mimi nikajibu upesi sana kwamba nimemsamehe, nikaomba maji ya kunawa, tukala.

Sikujua, najua sauti yako imeanza kushuka hapa. Mama yako anakusikiliza. Mstari unaofuata usome kwa sauti kubwa, na kama akisema hajasikia urudie.

Sikujua hakusema uongo. Mwongo ni mimi, Leodgar.

Siku moja kabla ya mgeni kuja nilifunga mlango wa darasa nikawaambia hivi: kesho kila nikiuliza swali, kila mtu anyooshe mkono, darasa zima. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu, na mgeni ataona msitu wa mikono. Sikuubuni mimi ujanja huu, chuoni tunacheka nao kila mwaka kabla ya mazoezi. Ninayelala naye chumba kimoja, Luhende wa Kiswahili na Historia, aliukataa, darasa lake likakaa kimya mbele ya msimamizi, akapata alama za kawaida. Nilimcheka. Naandika haya yeye amekaa kitandani kwake anasahihisha insha yake, na sijaweza kumwambia namwandikia nani.

Basi siku ile mambo yakaenda vizuri. Kila swali mikono juu, nachagua, wanajibu. Yule msimamizi, ambaye kwa shahada yake chuoni tunamwita daktari, mzee mpole kabisa, akafurahi mpaka akashindwa kukaa na fomu yake. Akasimama kule nyuma, akaomba na yeye aulize swali. Akainua koleo lako, ambalo watoto walikuwa wamelipitisha mpaka kule nyuma, akauliza egemeo lake liko wapi. Mikono yote juu. Akamchagua binti aliyekaa karibu naye, ambaye alikuwa amenyoosha wa kushoto. Akamuuliza jina. Sikujua, akasema. Daktari akamwambia kwa upole kwamba hajamuuliza jibu, amemuuliza jina. Sikujua, akasema tena, na darasa likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, dada. Kisha, akiwa bado hajang'amua kwamba hilo ndilo jina, akamuuliza, sasa kama hujui, mkono umenyoosha wa nini? Na mtoto wako, ambaye umemlea aseme ukweli akiulizwa na mtu mzima, akasema ukweli. Akasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimemkimbia, kwamba mwalimu alisema asiyejua anyooshe wa kushoto.

Watoto arobaini na saba walijua kwamba amesema kweli, na wote walinitazama mimi.

Haya ninayoandika sasa wewe hukuwahi kuyasikia, na ndiyo yaliyonizuia siku sita. Sikujua, kama huwezi kuyasoma mpe mama Capitoline, sitakulaumu. Nilimfuata yule daktari kule nyuma, nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba anisamehe, huyu ni mpwa wangu. Nikasema tangu baba yake afariki amekuwa mtu wa kutunga mambo, akili imeyumba kidogo, na sisi nyumbani tunamvumilia tu. Shemeji Nashon alikuwa na miezi mitano kaburini. Nilikuwa nimevaa koti lake. Sikujua alikuwa bado amesimama, hatua moja kutoka kwangu, na alisikia kila neno.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia mtoto akae. Nakala ya fomu yake ninayo hapa mezani. Ameandika kwamba mwalimu huyu anawafahamu wanafunzi wake na hali zao za nyumbani, na anawachukulia kwa upendo. Akanipa A. Wewe ulinichinjia kuku kwa ajili ya A ile, na Sikujua ndiye aliyemnyonyoa.

Naona aibu, dada. Sina neno la kuipamba. Naona aibu nikiitwa mwalimu na watu wa nyumbani, naona aibu nikiingia kanisani, na leo kwenye misa nilikaa karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Mwanao hakuacha kunyoosha mkono kwa sababu ni mvivu. Alinyoosha mara moja, kwa uaminifu, na mjomba wake akamwita kichaa, na mama yake akampigisha magoti. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikaomba maji ya kunawa.

Ijumaa nilikwenda kwa mratibu wa mazoezi ya kufundisha, nikampa barua yenye maelezo haya yote, nikitaja jina langu na lako, la mtoto nikaliacha. Alisoma akaniuliza kama nimelazimishwa na mtu. Nikasema hapana. Akasema kikao kitakaa, na kwamba kwa vyovyote alama ile haitabaki. Huenda nikarudia mazoezi mwaka mmoja zaidi, huenda ikawa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ile Julai uliyowatangazia watu sokoni, naomba usiitangaze tena. Nikiruhusiwa kurudia nitaomba nipelekwe shule nyingine, mbali na Mpanda, ili Sikujua asilazimike kuniita mwalimu asubuhi na mjomba jioni. Shuleni kwake pia nimemwandikia mkuu wa shule, na bahasha hiyo kondakta atakupa pamoja na hii. Nakuomba uipeleke wewe mwenyewe, na uvae vizuri, na umwombe mwalimu wa taaluma aisome akiwa amesimama, kama alivyokusomea makosa ya mtoto wako.

Na wewe, Sikujua. Hata sasa nimekusimamisha tena mbele ya mtu nikakufanya usome jambo gumu, na hilo nalo ni kosa, nimelifikiria sana nikakosa njia nyingine. Nilitaka maneno haya mama yako ayasikie kwa sauti yako, kwa sababu sauti yako ndiyo niliyoiharibia jina. Kuhusu Fizikia sina haki ya kukushauri. Ila nilichokuambia kuhusu sufuria na maji kilikuwa kweli, na maswali yako ya asubuhi yalikuwa mazuri kuliko ya wengi ninaosoma nao hapa.

Pasaka nitakuja. Dada, tandika mkeka ule ule. Nitapiga magoti mbele ya mwanao, wewe ukiwepo, na nitasema niliyoyasema hapa bila karatasi. Na wewe Sikujua usinijibu upesi kama nilivyokujibu mimi. Kaa na ombi langu la msamaha, hata mwaka ukitaka, na kama jibu ni hapana, liseme vile vile, ukinitazama usoni.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Dagaa wa Ikola usinitumie safari hii.

Wako mdogo wako, asiye na kitu mbele ya jina lake,

Leodgar.