Kitindamimba wa Bundi katika Bani la Mama Kulwa

Jumatatu, 9 Machi
Kijiji cha Ipole. Ukaguzi wa kawaida, kisha wito. Bundi wameangua makinda watatu juu ya ukuta wa bani la kukaushia tumbaku. Mwenye bani, Mama Kulwa, anataka kuwasha moto; majani yameiva. Majirani wanataka makinda wauawe: bundi ni uchuro. Nilipanda ngazi, nikamchunguza kinda mkubwa. Manyoya ya mabawa yamekamilika. Yale laini ya uchanga yamebaki kichwani tu. Nikatangaza: wataruka kabla ya Jumapili. Mama Kulwa atasubiri hadi Jumatatu. Najivunia.

Jumatano, 11 Machi
Mkuu wa ofisi yetu ya wanyamapori amecheka. "Shahada nzima, binti, kuwapigia bundi ramli?" Mimi ni wa kujitolea tu, sina ajira. Ilinipasa ninyamaze. Nilimjibu kwamba mpiga ramli hapandi ngazi.

Jumamosi, 14 Machi
Kinda mkubwa ameruka. Wa pili pia. Wa tatu amejikunyata, mweupe kama pamba. Nimekosea. Bundi huatamia tangu yai la kwanza, hivyo makinda hupishana umri. Nilifundishwa hilo. Nikapima mmoja, nikawahukumu wote. Kosa la kipumbavu, na ni langu. Kinda hatalilipia.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya misa nilimweleza Mama Kulwa ukweli. Hakuitikia hata shikamoo yangu. "Kwa hiyo tumbaku yangu iozee shambani, mwanangu, ikimsubiri kitindamimba wa bundi?" Majirani wakaangua kicheko. Mmoja akadai huyo mdogo ndiye mwenye uchawi wenyewe, akaokota fimbo.

Nikasimama mlangoni mwa bani. Anayetaka kumuua anipite mimi kwanza. Mkuu alipiga simu, akaniamuru niondoke. Nilikataa kwa adabu. Akiniamuru tena, nitakataa tena.

 Mama Kulwa akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mzinga mtupu wa nyuki wa marehemu mumewe. "Haya, mhamishe. Kesho nawasha."

Tuliutundika mtini, mkabala na bani, kinda ndani. Naogopa. Wazazi wake wakimsusa, nimemuua mimi.

Jumatatu, 16 Machi
Moshi unapanda kutoka banini. Nimeuparamia mti kulipopambazuka. Kinda yu macho, koo limemvimba. Mkia wa panya bado unaning'inia mdomoni.