Glasi ya maji mbele ya bageni

Clarisse mujukuu wangu,

Huku Lubumbashi tuko bazima. Mama yako anakusalimia sana, na magoti yangu iko inagombana na baridi.

Unaniuliza kama sucré, soda ya chupa, inaweza kuleta maladie ya sukari, juu barafiki bako ba Kinshasa banakucheka ukisema hivyo. Bacheke! Chupa moja haikuangushi, na maladie ile inaweza kutoka hata mu damu ya familia. Lakini sucré ya kila siku inaifungulia mulango.

Baba yangu, mutu wa kuchimba shaba mu mine ya Kipushi, alianza kusikia kiu isiyoisha wakati mi nilikuwa kijana. Alikuwa mukubwa wa familia, na kwetu mukubwa hapewi maji matupu. Kila nyumba ilimupa sucré ya baridi, kwa heshima, na kiu ikazidi. Docteur akamupima, akasema ni sukari, aache sucré.

Dimanche, kisha kanisa, mbele ya bageni, nikamuwekea glasi ya maji. Shangazi yangu akapandisha sauti: "Unamupa baba yako maji kama mutu hatumutaki?"

"Ndiyo, maji." Sikuiondoa.

Baba akanitazama, akakunywa yote, akanisukumia glasi: "Ongeza."

Mpaka leo bananiita muchoyo, juu kwangu bageni banakunywa maji. Baite tu. Hata bale ba kuleta dot, mahari yako, bakifika, nitaweka maji mezani, na mi njo nitakunywa wa kwanza.

Nkambo yako, Agnès