Mnunuzi wa Kabichi za Sadaka

Mke wangu Mama Elia,

Poleni na baridi ya Lukozi. Najua miezi hii ukungu hauondoki mpaka saa tano. Elia amepona kikohozi? Na mama, mgongo umempa nafuu? Mimi huku Mpanda ni mzima, ila kati ya jua la juu na lami tunayomwaga chini, sijui kipi kinatuchoma zaidi.

Nimeona niandike kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Juzi mdogo wangu Yohana alinipigia. Baada ya salamu akakohoa kidogo, nikajua kuna jambo. "Kaka," akasema, "pale mnadani, sadaka zinapouzwa baada ya ibada, kabichi za shemeji zina mnunuzi mmoja tu. Yule fundi seremala kutoka Bungu, aliyefiwa na mke. Mtu akipandisha bei, naye anapandisha, mpaka wenzake wanaacha."

Mama Elia, Lukozi nzima ni kabichi. Mtu anayeishi peke yake anafanyia nini kabichi nne kila Jumapili? Huyo anamtafuta Mungu au anamtafuta mwenye kabichi?

Nilipokudokezea kwenye simu ulicheka. "Baba Elia, ile ni sadaka bwana. Ikishafika madhabahuni si yangu tena, anunue anayetaka." Jibu zuri. Zuri mno. Nikampelekea Shabani, mpishi wetu hapa kambini, mtu wa Tanga asiyekosa swala. Akasema, "Sadaka ni nia, ndugu yangu, na nia ya mtu huioni." Nikamwambia ya huyu naiona toka Mpanda.

Naiona kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Sijapata kukwambia: zile Jumapili tatu nilizonunua karoti zako kanisani kwenu Soni, karoti nilikuwa sili. Nilikuwa nawapa sungura wa jirani. Mchungaji akanisifu mbele ya washarika kwamba kijana huyu ana moyo wa utoaji, nami nikainamisha kichwa. Watu wazima wakaitikia amina.

Huenda namwonea fundi wa watu. Huenda marehemu mkewe ndiye aliyependa kutoa, naye anaendeleza. Nimejaribu kuamini hivyo, imenishinda. Siku hizi nasali asubuhi na jioni, mimi wa Pasaka na Krismasi, na sijui kama hiyo ndiyo imani au nimemfanya Mungu mlinzi wa nyumba yangu. Naogopa, mke wangu. Mkataba umebakiza miezi mitano, na mwanamume aliye mbali hana la kupandisha mnadani.

Mpe mama shikamoo yangu, na baba mkwe kule Soni ukishuka sokoni. Yohana mshukuru, ila mwambie akapime hicho kikohozi chake. Elia mbusu.

Sikukatazi kumtolea Mungu, mimi ni nani hata nikukataze? Peleka kabichi zako. Ila fundi akikushukuru pale nje ya kanisa, usimchekee. Mimi ulinichekea mara moja tu, na juma lililofuata washenga walikuwa wamekaa kwa baba yako.

Mumeo akupendaye,
Baba Elia