Kulia Baada ya Upasuaji

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Igogo hatujambo, mama yako mdogo amejifungua salama. Mimi tu sipati usingizi tangu ubadilishwe valvu ya moyo huko Dar.

Unauliza kama ni kawaida kulia bila sababu. Nami nilipokuwa napona baada ya upasuaji ujanani, siku moja niliangua kilio nikichambua dagaa. Babu yako alidhani nakufa, akakimbia kumwita nesi jirani yetu.

“Una homa? Pumzi inabana?” nesi akaniuliza.

“Hapana.”

“Basi lia, mama. Mwili uliogopa sana, sasa ndio unapata nafasi ya kusema.”

Babu yako akakaa chini, naye akalia.

Ukipata homa au pumzi ikibana, mwambie daktari mara moja. Ukilia tu, nipigie. Hata mimi huku nalia.

Bibi yako