Kakule, Visu Vyako Viwili Vimenitia Haya

Kakule, wewe fundi wa kujisifu,

Niko nakuandikia kwa bic ya mujukuu wangu, ndani ya daftari yake ya jiografia, sababu karatasi nzuri siwezi kuiharibu juu yako. Unajua nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, halafu mwalimu na mimi tukachokana. Ukiona makosa, uyapite tu. Pale uko, haraka huna.

Tangu tukuzike ni miezi saba. Hakuna kitu kikubwa kilibadilika, usijidanganye. Mulima ungali unatoa moshi kama muzee mwenye kiko. Hapa kwetu Keshero ziwa lingali linatuma unyevu wake ndani ya nyumba, na magoti yangu yanaupokea. Pale ulikuwa unafulia vyuma, muke wako Mama Masika ameweka kuku. Mvukuto wako panya waliutoboa. Hao kuku wanatoa yai kila siku, Kakule. Wewe kisu kimoja ulikuwa unakimaliza kwa mwezi, na bado ulitaka tukupigie makofi.

Siku ya kukuzika, mutu mumoja alisimama akasema ulikuwa mupole. Nilikohoa mpaka wakaniletea maji.

Maji nikayanywa. Watu waliona ni huzuni. Bon, waache waone hivyo. Lakini kama wangenipa neno, ningewaambia habari ya nguruwe wa pori. Ile siku nyuma ya muji wa Kiwanja, tungali vijana wenye mbio, wakati pori lilikuwa bado la wawindaji. Nguruwe alitoka kwa majani, wewe ukatupa kisu chini, ukakimbia, ukapanda muti, na ukiwa kule juu ukaanza kuniita majina ya watakatifu. Maisha yako yote ulikana. Maisha yako yote uliwaambia watu kwamba ni mimi nilikimbia kwanza. Miaka arobaini na zaidi ya uongo, na wakakuzika na rozari mukononi.

Basi. Tuongee visu. Sababu ya visu njo nimekaa hapa nimekunja mugongo.

Siku ya kumaliza kilio, Mama Masika alitandika mukeka kwenye uwanja wa nyumba yenu, akaweka visu viwili vya kuwinda juu yake. Akanionyesha kwa kidole. Akasema: «Kakule aliacha neno. Kimoja ni cha Paluku, kingine ni cha mukwe wetu Deo. Paluku achague wa kwanza. Na kile atachagua, njo atachunia mbuzi wa leo.»

Mbuzi hakuwa shida. Kwetu, rafiki wa pori njo anachuna nyama ya kumaliza kilio, sababu yeye alijua mukono wa marehemu. Shida ilikuwa vile visu. Urefu mumoja. Mugongo mumoja. Mipini yote miwili ya muti wa kahawa, na misumari mitatu ya shaba. Vyote viwili ulikuwa umevisugua mpaka mutu angejinyolea ndani yake. Lakini chuma hakikuwa kimoja, na kila mutu pale alijua hadithi. Kimoja ulikifua kutoka kwa resori, ile springi ya chini ya lile lori lililofia njia ya Kiwanja, lile tulilolifungua vyuma sisi wawili kwa nyundo na matusi. Kingine ulikitoa kwa kisu cha mashini ya kukata nyama, inox, kitu kilichovunjika ambacho Deo alikuletea kutoka Kampala kama zawadi.

Deo nitakuambia nini juu yake? Wewe ulimupa binti yako Kahindo, mimi ningemupa kikombe cha chai na kwaheri. Mutu wa upande wa Bukavu, viatu vyenye mudomo murefu kuliko wa kunguru, manukato mpaka nzi wanamukimbia. Anauza vipande vya moto, yaani vipuri vya pikipiki, kule Katindo na hana hata doa la mafuta kwa ukucha. Nyama anaishika kwa vidole viwili, kama barua ya polisi. Na ile siku alipokuletea inox yake, uso wote meno: «Papa, hii haishiki kutu.» Kama kutu ni ugonjwa wa aibu.

Inox, Kakule. Chuma kisichobadilika rangi, kisichozeeka, kisichokasirika. Mutu wa namna hiyo, usimukopeshe hata ngazi. Na wewe mwenyewe njo ulinifundisha dharau hiyo, ukiwa na moshi machoni: «Chuma chenye kutu kinakumbuka mwenye nacho. Inox haimukumbuki mutu.» Nililichukua hilo neno, nikalitumia kila mahali kama langu.

Kwa hiyo nikachuchumaa mbele ya mukeka. Nikafanya mambo yote, unanijua. Kisu cha kwanza nikakipiga kwa ukucha, nikakisikiliza. Nikakipima kwa kidole kimoja. Nikakilamba, watoto wakacheka. Cha pili nikakipiga: kikalia kwa muda murefu, sauti nyembamba, kama mama anayeitwa na jirani na hataki kuitika. Nikasema moyoni, huyu njo yeye. Huyu njo resori. Nikasimama nacho, nikawageukia watu, nikapiga hotuba.

Nilisema wengine wanadanganywa na mung'aro. Nilisema muzee hachagui kwa macho, anachagua kwa damu. Nilisema hiki kisu kilikuwa lori, kilibeba maharagwe na ndizi za watu wa Kiwanja, kina historia, na kile kingine kilikuwa kinakata nyama baridi ya wageni nyuma ya kioo. Nikamuangalia Deo, nikasema: «Mukwe, chukua chako. Hata ukikisahau ndani ya choo, hakitashika kutu.» Watu walicheka mpaka shemeji yako akashikilia ukuta. Hata Mama Masika alicheka, mukono kwa mudomo. Deo alicheka pia. Akainama, akachukua kile kisu kilichobaki, akasema, «Asante, muzee.»

Halafu nikamuchuna mbuzi. Kakule, kisu kilipita. Sikusukuma. Ngozi ilifunguka kama shati, hakuna tundu hata moja. Kwenye mapaja, pale mutu anaanza kutafuta jiwe la kunolea, hakikuomba kitu. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: «Voilà resori.»

Voilà mujinga.

Kisu nilikileta Keshero, nikakitundika kwa ukuta. Wewe ulikuwa unapaka mafuta kila Jumamosi, na unanuna kama mwenzako hapaki. Mimi sikupaka. Wiki ya kwanza nilisema kesho. Wiki ya pili nilisema kisu si mutoto muchanga. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimekisahau kabisa, mpaka siku moja nikataka kumenya ndizi mbichi. Unajua visu vyako vya resori na utomvu wa ndizi. Vinakuwa vyeusi palepale, na ndizi nazo zinakuwa na madoa, wanawake wanalalamika. Nikamenya ndizi kumi. Nikaangalia kisu. Kilikuwa kinaniangalia kwa meno ya Deo.

Nikasema, apana. Nikakata ndimu, nikaipaka kote, nikakiacha kwa dirisha tangu asubuhi mpaka muchana, upande wa ziwa. Nikarudi. Hakuna doa. Hakuna hata kivuli cha doa. Nikakaa juu ya kitanda. Miezi miwili kwa unyevu wa Keshero bila tone la mafuta, na kiko safi kama siku ya komunyo.

Nilikuwa nimesifu inox mbele ya ukoo wenu wote. Na hicho ni kidogo. Kitu cha mwisho kilichotoka kwa moto wako, resori tuliyoifungua pamoja, nilikuwa nimemurushia mutu wa viatu vya kunguru, na matusi juu yake. Nikamuona kwa mawazo anafungulia nacho makartoni. Nikamuona amekisahau kwa mvua. Wewe hutafua kingine. Hilo njo lilinitoa usingizi, Kakule, si wewe. Usijione mukubwa.

Nikapanda moto mpaka Katindo. Njiani nilitayarisha uongo wa namna tatu, wote muzuri. Nitasema nataka kumunolea kisu chake. Nitasema Mama Masika anaviomba vyote viwili kwa foto. Wa tatu nimeusahau, lakini ulikuwa na padri ndani.

Deo alinipa kiti chake mwenyewe ndani ya butiki. Sikufikia hata uongo wa kwanza. Aliniona nimebeba kitu ndani ya gazeti, akaenda nyuma, akarudi na kitambaa. Akakifungua juu ya meza. Kisu kilikuwa kimepakwa mafuta ya mashini, membamba, sawasawa, na chuma kilikuwa kimeanza kupata ile rangi ya wingu la mvua, ile ulikuwa unaipenda. Pale shingoni karibu na mupini kulikuwa na doa jeusi la zamani.

Nikamuuliza, «Ulijua tangu lini?»

Akasema: «Tangu ile siku, muzee. Hapo mukekani. Asubuhi Mama Masika alikuwa amejisahau, akamenyea nacho ndizi za wageni. Doa lilikuwa linaonekana.»

«Na ukanyamaza?»

«Ulikuwa unaongea vizuri. Na tangu papa afe, hakuna mutu alikuwa amecheka kwa ile nyumba.»

Kakule, nimetukanwa na wanajeshi, nimetukanwa na mapadri, na wewe umenitukana kwa luga nne. Hakuna aliyeniangusha namna hiyo.

Halafu akaniambia kitu kingine, na kwa hiki sitakusamehe haraka. Alisema ile inox hukuigusisha moto hata kidogo, sababu ingelainika. Uliisaga kwa mukono, wiki sita, na ndoo ya maji pembeni, unachovya, unasaga, unachovya. Wakati huo kifua kilikuwa kimeshaanza kukusumbua. Kumbe! Mimi nilikuwa nakuona na ile ndoo, nikafikiri unapoteza wakati kama kawaida yako. Alisema siku ulipoimaliza ulimuambia: «Hii ni yako. Mutu asiyejua kupaka mafuta, anatengenezewa kisu kisichoomba mafuta.» Kwa hiyo, huyo mukwe tuliyekuwa tunamucheka pamoja chini ya ule muti wa nyumba yangu, wewe ulikuwa unamusagia chuma unachokidharau, wiki sita, na kifua kibaya. Ulikuwa unamupenda. Na hukuniambia. Muongo wa kila upande.

Na yeye, kwa kuona haya, njo alijifunza kupaka mafuta. Kila Jumamosi.

Akaniambia, «Tubadilishane, muzee. Hapa hapa. Hakuna mutu atajua.»

Mukono wangu ulikuwa umeshafika kwa kile kisu. Nikaurudisha. Huruma ya kijana mwenye manukato ni kitu kizito, haipiti kooni. Kama ningekichukua pale nyuma ya makartoni, kila mara nikikata nacho nyama ningekuwa mwizi wa kitu changu. Nikamuambia, «Jumapili, kwa Mama Masika, baada ya misa. Lete kisu. Na vaa viatu vya watu.»

Jumapili hiyo imepita siku sita. Alikuja na vilevile viatu.

Mama Masika alikuwa amepika sombe na samaki. Kahindo alikuwepo, shemeji yako wa ukuta alikuwepo, na watoto. Nikasimama kabla ya kula, sababu baada ya kula moyo unalainika na mutu anaahirisha. Nikaweka kisu changu mezani. Deo akaweka chake. Nikasema: «Ile siku nilichagua inox. Nilikosea.»

Neno moja hilo. Sikuwahi kulitamka tangu nizaliwe, na meno yangu machache yote yaliuma. Shemeji yako alitaka kucheka, Mama Masika akamuangalia, naye akameza kicheko. Halafu Mama Masika akaniambia, huku anagawa sombe: «Najua, Papa Paluku. Kakule alisema utakosea. Alisema, Paluku atachagua kwa mudomo. Alisema pia, mumuache nacho mpaka aseme mwenyewe.»

«Na kama singesema?»

«Alisema utasema. Alisema itakuchukua muda murefu, sababu wewe ni wewe.»

Halafu akaniletea jiwe lako. Lile la mto Rutshuru, laini, limeliwa katikati kama kiti cha muzee, ndani ya kitambaa chake. Alisema hilo halikuwa la kuchagua. Lilikuwa linangojea tu.

Sasa kisu cha resori kiko hapa mbele yangu, na inox imerudi kwa Deo. Leo ni Jumamosi ya kwanza na nimekipaka mafuta. Nilipaka mengi sana, yamechuruzika mpaka kwa ramani ya Katanga ndani ya daftari ya mutoto, atanipigia kelele. Nakuahidi hivi, na mimi siahidi ovyo: sitakinoa kwa jiwe la volkano kama wavivu wa muji huu wanavyofanya, mpaka kisu kinapata meno ya mamba. Nitakinoa kwa jiwe lako, kwa mate na polepole. Siku nitakayokufuata, kitaenda kwa Deo. Ndiyo, kwa Deo. Usianze kutabasamu.

Na kwa vile neno lile limeshazoea njia ya kutokea, nikuambie na lingine, hapa ambapo hakuna wa kusikia. Ile siku ya nguruwe, nyuma ya Kiwanja. Kisu kilichokuwa chini kilikuwa changu. Ule muti, mimi nilikuwa wa kwanza kuupanda, na wewe ulikuja nyuma yangu, ukanisukuma matako ili nifike juu kabla yako.

Nilikosea, Kakule. Ulilingoja hilo neno miaka arobaini, na nimelisema ukiwa umelala. Hilo pia ni kosa langu.

Lala, fundi. Kuku wako wazima.

Paluku